Anzeni na Kanda: Majibu kwa Wenye Masanduku ya Picha na Video za Familia

Kila Januari, watu wakisharudi Nairobi kutoka mashambani, tunaletewa barua za aina moja: sanduku limepatikana, limejaa picha na kanda, na hakuna anayejua pa kuanzia. Safari hii tumezipa ukurasa mzima. Tumejibu kwa kirefu pale ambapo kuchelewa kunaleta hasara, na kwa ufupi pale ambapo mambo yanaweza kungoja.

SWALI: Mama yetu alituachia sanduku la bati. Ndani mna albamu 11, picha zisizo na albamu kama elfu mbili, kanda 23 za VHS, DVD za harusi tatu na simu nne za zamani. Tuko ndugu watano na kila mmoja ana wazo lake. Tuanzie wapi? (Msomaji, Buruburu)

JIBU: Poleni kwa kuondokewa na mama. Anzeni na kanda, hata kama mioyo yenu iko kwenye albamu. Picha ya karatasi iliyowekwa pakavu inaweza kukaa miaka mingine kumi isibadilike sana. Kanda haingoji. Picha na sauti zake zimeandikwa kwenye unga wa sumaku ulioshikizwa kwa gundi juu ya utepe mwembamba wa plastiki. Gundi hiyo huzeeka, unga ukaanza kubanduka, na sumaku yenyewe hufifia. Isitoshe, deki za kuchezea kanda hizo hazitengenezwi tena. Kampuni ya mwisho kuziunda, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Kwa hiyo deki nzima zinapungua, na mafundi wanaozielewa wanapungua pia.

Baada ya kanda shikeni DVD. Diski iliyochomwa na mpiga video wa harusi si sawa na ile ya filamu iliyopigwa chapa kiwandani. Ya harusi imeandikwa kwenye rangi maalumu inayoharibiwa na joto na mwanga. Mkiifungua kwenye kompyuta mtakuta video imekatwakatwa katika faili zinazoishia na VOB, kila moja isiyozidi gigabaiti 1. Wengi hunakili faili ya kwanza wakadhani wamemaliza, kumbe wamechukua maandalizi ya bibi harusi na kuacha kanisa na karamu. Tumieni programu ya MakeMKV, inaziunganisha zote bila kupunguza ubora. Diski ikigoma kwenye kompyuta moja, ijaribuni kwenye nyingine mbili tatu kabla ya kukata tamaa, kwa sababu visomeo vya diski hutofautiana sana.

Simu za zamani zifuate. Toeni kadi za kumbukumbu kwanza mzinakili, kisha ndipo mjaribu kuwasha. Betri iliyofura isichajiwe hata kidogo.

Albamu ziwe za mwisho, ila kuna kazi moja ya kufanya leo: pigeni picha kila ukurasa wa kila albamu kwa simu, kabla mtu hajachomoa chochote. Mama alizipanga alivyozipanga kwa sababu. Picha isiyo na maelezo ikiwa kati ya ubatizo na mahafali, hapo ilipo ni ushahidi wa mwaka wake. Ipeni kila albamu herufi, A hadi K, na kila ukurasa namba. Mkishachanganya picha za albamu mbili, hakuna programu itakayowarudishia mpangilio ule.

Gaweni kazi, lakini mtu mmoja tu awe na mamlaka ya kutaja majina ya faili na folda. Watano wakitaja, mtapata "Harusi ya Anti" mara nne na hamtajua ni anti yupi.

SWALI: Nimenunua deki ya VHS ya mitumba mtaa wa Luthuli, pamoja na kile kifaa kidogo cha USB cha kuingizia video kwenye laptopu. Kanda ya kwanza ilikuwa inageuka skrini ya buluu kila baada ya dakika chache, na kufikia mwisho sauti ilikuwa imeachana na midomo. Kosa liko wapi? (Kijana wa Kahawa West)

JIBU: Hapo kuna shida mbili, na zote zinatibika.

Skrini ya buluu inatoka kwenye deki yenyewe. Deki nyingi zimeundwa zifiche picha kwa buluu kila mara ishara inapodhoofika. Ingia kwenye menyu yake, tafuta kipengele cha buluu ukizime. Sasa utaona chengachenga badala ya buluu, lakini picha iliyokuwa imefichwa itaonekana. Kisha rekebisha mkao wa kusoma, ile "tracking", pole pole, mpaka ule ukanda wa vurugu uteremke chini ya skrini au utoweke. Fanya hivi upya kwa kila kanda, maana kila moja ilirekodiwa na mashine yake.

Chengachenga zikibaki kila mahali, vichwa vya deki vinavyosoma utepe ni vichafu. Chomoa deki kwenye stima, fungua kifuniko, utaona ngoma ya chuma inayong'aa, imelala kwa mshazari. Vichwa ni vipande vidogo sana kwenye ukingo wake. Lowesha kipande cha karatasi nyeupe safi, isiyo na mng'ao, kwa pombe ya isopropili ya 99%, kishikilie kikigusa ngoma bila kukisogeza, halafu mkono wako wa pili uizungushe ngoma polepole kwa juu. Karatasi itatoka na mistari ya kahawia. Usitumie kijiti cha pamba, nyuzi zake hunasa kichwa na kukivunja. Usipanguse juu na chini kamwe. Spiriti ya dukani iliyochanganywa maji haifai.

Sauti kuachana na midomo ni kosa la upande wa kompyuta. Kanda ya zamani haitoi ishara iliyotulia. Vile vifaa vya bei nafuu vikikutana na fremu (moja ya picha zinazounda video) iliyoyumba huitupa, lakini sauti inaendelea. Fremu moja moja zinazotupwa kwa saa mbili hujumlika zikawa sekunde kadhaa. Dawa yake ni kuweka kitu cha kutuliza ishara katikati. Kuna vifaa vya kitaalamu vya kazi hiyo na ni ghali, lakini rekoda ya zamani ya DVD, ile yenye matundu ya kuingizia video mbele au nyuma, huifanya vizuri kwa bei ya mitumba. Peleka kebo ya manjano, nyeupe na nyekundu kutoka deki hadi rekoda, kisha kutoka rekoda hadi kifaa cha USB. Rekoda haina haja ya kurekodi, ishara ipite tu. Kabla ya kuinunua, hakikisha inapitisha picha ikiwa haina diski ndani.

Kwenye programu ya kunasa chagua PAL, mfumo wa video uliotumika huku, pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Usikubali kupanuliwa hadi 1080. Kanda ya VHS haina kitu cha kujaza pikseli hizo, utapata faili nzito na picha ileile. Uwiano ubaki 4 kwa 3, si watu walionenepeshwa ili kujaza televisheni pana. Ukinasa kwa MPEG-2, aina ya video iliyofinywa, ya megabiti 8 kwa sekunde, saa moja itakula gigabaiti 3.6, na kwa familia nyingi hiyo inatosha kuwa nakala kuu. Mwenye nafasi kubwa anase kwa ufinyaji usiopoteza ubora, kwa kama gigabaiti 30 kwa saa.

Ukitazama faili kwenye kompyuta utaona mistari kama meno ya kitana pale mtu anaposogea. Hiyo si kasoro ya kanda. Video ya zamani iligawa kila fremu nusu mbili, mistari ya shufwa na ya witiri. Hifadhi nakala kuu hivyohivyo ilivyo, kisha utengeneze ya kutazama kwa programu ya HandBrake, ukiwasha kichujio cha kuondoa mistari na kuchagua fremu 50 kwa sekunde ili mwendo ubaki laini. Watu wakicheza ngoma utaona tofauti mara moja.

Na kabla ya kuingiza kanda yoyote ndani ya deki, fanya haya. Vunja kile kijipande cha plastiki kilicho upande wa lebo, ili hata ukibonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya deki ikatae. Angalia utepe kupitia kidirisha: ukiona madoa meupe au utando wa kijivu, hiyo ni kuvu, na kanda isichezwe. Kuvu itaingia kwenye deki na kuambukiza kila kanda itakayofuata. Kanda zilizokaa Mombasa, Lamu au kando ya Ziwa Victoria zikaguliwe mara mbili. Iliyo na kuvu ifungie kwenye mfuko wake pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na umpe fundi mwenye deki maalumu ya kusafishia. Zilizo safi zipeleke mbele hadi mwisho na kuzirudisha nyuma mara moja, ili utepe ulioshikana ulegee. Kisha nasa dakika kumi tu, utazame sauti na midomo, ndipo uendelee na kanda nzima. Mara ya kwanza inaweza kuwa ndiyo ya mwisho kanda hiyo kucheza vizuri, kwa hiyo mipangilio iwe tayari kabla.

Jambo la mwisho hapa. Kanda iliyotumwa na jamaa kutoka Marekani ikionyesha picha isiyo na rangi inayopandapanda, haijaharibika. Imerekodiwa kwa NTSC, mistari 525, ilhali huku tulitumia PAL ya mistari 625. Tafuta deki inayocheza mifumo yote miwili, na kompyuta uipange 720 kwa 480.

SWALI: Picha ya harusi ya babu, ya 1964, imeganda kwenye kioo cha fremu. Nikijaribu kuivuta, uso unabaki kwenye kioo. (Msomaji, Kariobangi South)

JIBU: Acha kuivuta sasa hivi. Uso wa picha za aina hiyo ni safu ya jelatini. Unyevu wa ukutani uliifanya iwe laini, ikashikana na kioo kilichoigusa, ikakauka hivyo. Sasa imeshika kioo kuliko ilivyoshika karatasi yake.

Toa fremu na ubao wa nyuma, acha picha na kioo pamoja. Safisha kioo upande wa nje kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kilaze kioo chote juu ya skana na uskani kwa nukta 600 au 1,200 kwa inchi. Picha ikikosa ukali kwa sababu ya unene wa kioo, ipige kwa kamera kwa njia tutakayoeleza hapa chini. Baada ya hapo rudisha ubao, na kioo kikae na picha yake. Kuna wataalamu wanaoweza kuibandua kwa maji, lakini hata wao hupoteza nyingine, kwa hiyo hatushauri ujaribu na picha ambayo iko moja tu duniani. Nakala mpya uichapishe, uiweke kwenye fremu yenye ukingo wa kadibodi unaotenganisha picha na kioo. Ukingo huo si wa urembo, ndio unaozuia janga hilihili.

SWALI: Albamu zetu za miaka ya 1980 ni zile za kurasa za gundi zenye plastiki juu. Picha hazitoki na kurasa zimekuwa manjano. (Mama wa Donholm)

JIBU: Mama, skani kwanza kurasa nzima zilivyo, ili hata lolote likitokea usiwe umekosa vyote. Halafu chukua uzi wa kusafishia meno usio na ladha, kata kama sentimita 40, upitishe chini ya kona ya picha na uusogeze kulia kushoto, ukikata gundi badala ya kuinua picha. Ukurasa ndio ujikunje, picha ibaki imenyooka. Picha ikikunjwa, uso wake hupasuka mistari isiyofutika. Ikikataa, puliza hewa vuguvugu ya kikausha nywele kwa nyuma ya ukurasa, kwa umbali wa sentimita 30, sekunde chache tu, kisha ujaribu tena. Bado ikikataa, kata ukurasa kuizunguka na uihifadhi na kipande hicho. Hakuna aibu katika hilo.

Gundi iliyobaki mgongoni iache. Weka karatasi ya kuokea mikate kati ya picha moja na nyingine zisishikane. Unaponunua mifuko ya plastiki ya kuhifadhia, epuka ile yenye harufu kali: ni PVC, na gesi yake ndiyo inayokula rangi.

SWALI: Sina skana. Nina simu ya megapikseli 12, na jirani ana printa ya ofisi yenye kioo cha kuskani. Mjini wanalipisha kwa kila picha, nami nina picha 1,400. Nifanyeje? (Msomaji, Kayole)

JIBU: Mwombe jirani kioo chake, lakini usipitishe picha kwenye mlango wa juu unaovuta karatasi zenyewe. Magurudumu yake hukunja na kukwaruza, na chembe moja ya vumbi humo huchora mstari kwenye kila picha inayopita.

Kwenye mipangilio chagua rangi, hata kwa picha nyeusi na nyeupe, na nukta 600 kwa inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itatoka na pikseli karibu 2,400 kwa 3,600, inayotosha kuchapishwa mara mbili ya ukubwa wake. Picha ndogo ya pasipoti ipe nukta 1,200, kwani mara nyingi ndiyo sura pekee iliyobaki ya mtu. Zima marekebisho yote ya kujiendesha: kung'arisha, kunoa, kuondoa vumbi. Picha za miaka ya 1970 zilizogeuka nyekundu zimepoteza hasa rangi ya samawati, na kurekebisha kunafanywa baadaye kwenye nakala, si wakati wa kuskani. Usihifadhi kama PDF. Hifadhi JPEG ya ubora wa 90 kwenda juu, au TIFF (faili kubwa isiyopoteza ubora) kwa zile za thamani zaidi. TIFF ya picha moja kama hiyo ni megabaiti 25 hivi, kwa hiyo 1,400 zingechukua gigabaiti 35.

Kioo cha A4 kinapokea picha tatu za 10 kwa 15, au nne za 9 kwa 13. Acha nafasi ya sentimita moja kati yake ili programu izitenganishe. Futa kioo kila baada ya mizunguko mitano. Picha yenye chochote mgongoni, mhuri wa studio, tarehe, salamu, iskaniwe na mgongo wake.

Simu nayo inafaa ukiipangia. Meza iwe kando ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, au taa mbili zinazofanana, moja kila upande, zikimulika kwa pembe ya nyuzi 45. Weka kitambaa cheusi chini ya picha. Simu ilale juu ya vitabu viwili virefu, umbali wa sentimita 25 hadi 30. Ukiisogeza karibu zaidi, lenzi pana hupinda kingo. Zima fleshi na kichujio cha urembo wa nyuso, tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise. Picha yenye mng'ao ikiakisi simu, kata tundu la lenzi kwenye kadibodi nyeusi na uishike chini ya simu.

SWALI: Nyanya ana miaka 88 na anawakumbuka watu wengi kwenye picha, lakini miaka haikumbuki. Tutaziandikaje tarehe? (Msomaji, Kangemi)

JIBU: Hii ndiyo kazi tunayoihimiza kuliko zote, kwa sababu skana itapatikana kesho na Nyanya hapatikani mara mbili. Msimngoje mmalize kuskani. Chagueni picha 20 kwa kikao, si zaidi, mzichapishe kubwa au mzionyeshe kwenye televisheni, na simu iwe inarekodi sauti. Kila picha itajwe kwa namba kabla hajaanza kuzungumza: "Albamu C, ukurasa wa 4, picha ya 2." Bila namba, mtakuwa na saa tano za sauti tamu msizojua zinahusu picha gani. Msimuulize mwaka. Muulizeni: "Ulikuwa umejifungua nani wakati huo? Mlikuwa mnaishi nyumba gani? Nani alishika kamera?" Kutokana na watoto mtapata miaka.

Majina andikeni yote ya mtu mmoja: la ubatizo, la ukoo, na lile aliloitwa nyumbani. Baba Kamau wa albamu moja anaweza kuwa Mzee Njoroge wa nyingine. Andikeni kutoka kushoto kwenda kulia, safu ya nyuma kwanza, na asiyejulikana aandikwe hivyo, asirukwe.

Picha yenyewe nayo husema. Jengo la KICC la Nairobi likionekana limekamilika nyuma ya watu, si kabla ya 1973. Nyayo House ni ya 1983, uwanja wa Kasarani ni wa 1987. Gari lenye namba inayoishia na herufi limesajiliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 au baadaye. Mtahiniwa wa KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ni kati ya 1985 na 2023. Matatu yenye mstari wa manjano ubavuni ni ya baada ya sheria za matatu za Waziri Michuki kuanza kutekelezwa mwaka 2004. Ile tarehe ya rangi ya chungwa iliyochapwa kwenye kona msiiamini peke yake, maana kamera nyingi zilibadilishwa betri na hakuna aliyerekebisha saa.

Jina la faili lianze na mwaka ili zijipange zenyewe: 1978-08_Nakuru_harusi_C04-2. Msiojua mwezi andikeni 1978-00. Msiojua mwaka andikeni 197x, na msikisie. Majina ya watu na maelezo yaingizwe ndani ya faili kwa programu ya bure ya digiKam, mkiiamuru kwenye mipangilio iandike ndani ya picha zenyewe. Maelezo yaliyo kwenye daftari pekee hupotea siku daftari linapopotea.

Mgongoni mwa picha msitumie kalamu ya bolipeni, inaacha alama upande wa mbele. Penseli laini inatosha kwa karatasi za zamani. Zile za kisasa zenye plastiki hazishiki penseli, hivyo andikeni kwenye bahasha.

SWALI: Kila mtu anatuma picha kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia nami nazikusanya. Mbona zinatoka na ukungu na tarehe za uongo? (Msomaji, Umoja)

JIBU: WhatsApp hufinya picha na kuondoa taarifa za ndani, ikiwemo tarehe ya kupigwa. Namba kama 20190412 kwenye jina la faili ni siku ilipopita WhatsApp, si siku ya tukio. Waambie jamaa watume kwa njia ya nyaraka, kule wanakotumia kutuma PDF, hapo faili hufika ilivyo. Zilizorudiwa mara tano tano zitafutwe kwa programu ya bure ya Czkawka, ambayo hutambua picha zinazofanana hata kama ukubwa ni tofauti. Bakiza yenye pikseli nyingi zaidi, na uangalie kwa macho kabla ya kufuta.

SWALI: Nimepata negativu kwenye bahasha za studio. Zina maana bado, ikiwa picha zake tunazo? (Msomaji, South B)

JIBU: Zina maana kuliko picha zake. Negativu, ile filamu ambayo picha zilichapwa kutoka kwayo, ndiyo asili, na mara nyingi imebakiza rangi ambazo karatasi imepoteza, pamoja na kingo ambazo studio ilikata. Skana ya kawaida itakupa weusi mtupu, kwani inahitajika yenye taa kwenye kifuniko. Skani kwa nukta 2,400 hadi 3,200. Kichujio cha vumbi cha miale ya infraredi kitumie kwa negativu za rangi peke yake. Kwenye nyeusi na nyeupe, chembe za fedha huzuia miale hiyo na picha huharibika. Usipokuwa na skana, weka negativu juu ya tableti yenye skrini nyeupe, ila iinue sentimita tatu nne kutoka kwenye skrini, ama utapiga picha ya pikseli za tableti. Shika kingo tu. Ukisikia harufu ya siki, plastiki yake imeanza kuoza na harufu hiyo huambukiza nyingine. Itenge na uiskani kwanza.

SWALI: Kila kitu kilikuwa kwenye diski ngumu (hard disk) moja, ikaanguka. Sasa tunaanza upya. Tuhifadhi vipi? (Msomaji, Lang'ata)

JIBU: Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Diski ngumu mbili za terabaiti 1 hadi 2, mojawapo ikae kwa ndugu wa mji mwingine, na ya tatu iwe mtandaoni. Diski hizo zipangwe kwa mfumo wa exFAT ili Windows na Mac zote zisome na kuandika, na zitolewe kwa utaratibu, maana diski ikichomolewa katikati ya kuandika hupoteza orodha ya faili. Stima ikipotea ghafla ni vilevile. Nakilini kwa laptopu yenye chaji au mashine iliyo kwenye UPS, ile betri inayoshikilia kompyuta stima ikikatika. Fleshi ya USB si ya kuhifadhia. Hupoteza chaji ikikaa miaka kabatini, nayo hupotea mfukoni.

Google hutoa gigabaiti 15 bure, zikijumuisha barua pepe, na tangu Juni 2021 haina tena nafasi isiyo na kikomo kwa picha. Mkilipia, chagueni ubora halisi. Jueni pia kwamba mtu akifuta picha kwenye programu ya Google Photos, hufutika mtandaoni na kwenye simu, na baada ya siku 60 kapuni haipo tena. Huo ni ulinganishaji, na hautoshi kuitwa akiba. Akaunti isiyoguswa miaka miwili inaweza kufutwa, basi nenosiri lijulikane na watu wawili.

Mara moja kwa mwaka unganisheni kila diski, mfungue faili chache za miaka mbalimbali na mcheze video moja hadi mwisho. Diski ikifikisha miaka mitano, nunueni nyingine, na ile ya zamani msiitupe kabla ya kuhakikisha mpya ina kila kitu.

SWALI: Maji yaliingia nyumbani usiku na albamu zimelowa. Tumezianika juani, ni sawa? (Msomaji, South C)

JIBU: Zitoeni juani. Picha zilizolowa zikikauka zimebanana, hazitaachana tena. Mna saa 48 hivi kabla ya kuvu kuanza. Ziwekeni kwenye beseni la maji safi ya baridi, zitenganisheni humohumo ndani ya maji bila kugusa uso, mbadilishe maji yakichafuka, kisha mzilaze kivulini, uso juu, kwenye taulo safi, moja moja. Msizipanguse. Zikiwa nyingi kuliko mikono iliyopo, zifungeni kwenye mifuko ya plastiki kwa mafungu madogo na mziweke kwenye friza, mtazishughulikia hata wiki ijayo. Kanda za VHS zilizoingia maji zisichezwe: suuzeni kasha kwa maji safi, mzikabidhi kwa fundi. Na picha zilizochapwa nyumbani kwa printa ya wino zisitumbukizwe kwenye beseni, wino utayeyuka. Hizo zilazeni zilivyo.